Mpaka, Mashine na Orodha: Nyimbo za Busia na Malaba katika Hifadhi za Sauti

Mwaka 1902 C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha London uchunguzi wake kuhusu jamii zinazoishi baina ya Ziwa Viktoria na Mlima Elgoni, akauita Eastern Uganda, yaani Uganda ya Mashariki. Jina hilo lilipitwa na wakati mwaka uleule. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishwa na kuwekwa chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Amri ya Mipaka ya 1926 ikaja kuuthibitisha mstari. Wasamia wakajikuta wana watawala huku na kule. Wateso wa Tororo na Wateso wa Malaba, waliokuwa wakioana na kuzikana, wakawa watu wa serikali mbili. Wakhayo wa Matayos, Nambale na Busibwabo wakabaki upande wa Kenya, lakini sauti za ngoma za majirani zao ziliendelea kuwafikia kama kawaida, maadamu ngoma haiombi ruhusa ya forodha.

Mgawanyiko huo umeandikwa sana na wanahistoria wa siasa na wa utawala. Jambo lililoshughulikiwa kwa nadra katika uhakiki wa fasihi ni kwamba mstari huohuo uligawa pia kumbukumbu za sauti. Nyimbo za watu wa mpakani zilinaswa na watu tofauti, kwa madhumuni tofauti, zikapelekwa katika miji iliyo mbali sana na Mto Malaba, na huko zikapangwa katika masanduku yenye majina ya nchi. Anayetaka leo kuzungumzia ushairi simulizi wa Busia na Malaba hana budi kuyajua masanduku hayo, na kuyasoma jinsi msomaji makini anavyousoma muswada wa kale: nani aliuandika, kwa kalamu gani, na aliacha nini nje.

Mkusanyo mmoja mkubwa ni wa Klaus Wachsmann. Mtaalamu huyu alizaliwa Berlin mwaka 1907, akasoma muziki katika mji ambao tangu 1900 ulikuwa na hifadhi ya sauti iliyokusanya silinda za nta kutoka pembe zote za dunia. Kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi, Ujerumani ya Wanazi haikumkalika. Alifika Uganda mwaka 1937 kufanya kazi ya elimu chini ya misheni, na kuanzia 1948 hadi 1957 alikuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda. Katika miaka hiyo alizunguka nchi na vyombo vyake vya kunasia sauti na kukusanya rekodi kwa mamia. Pamoja na Margaret Trowell alitoa mwaka 1953 kitabu kinachoeleza kwa undani ala na kazi za mikono za Uganda. Rekodi zenyewe ziliishia London, katika Maktaba ya Uingereza. Kwa kuwa Wachsmann aliajiriwa na makumbusho ya Uganda, Uganda ndiyo aliyoizunguka. Mahali gari la makumbusho lilipokoma ndipo elimu kuhusu kinubi cha Wateso ilipokoma, ingawa kinubi chenyewe kilivuka kila juma pamoja na wapigaji wake.

Upande wa Kenya alipita mtu wa namna nyingine. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika tangu ujana wake, alirekodi nchini Kenya mwaka 1950 na tena 1952. Safari zake ziligharimiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya santuri ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo ilitarajia kuuza baadhi ya nyimbo hizo. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, na mwaka 1978 maktaba hiyo ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Mfululizo wake mashuhuri, Sound of Africa, una santuri 210. Ukubwa wa kazi hiyo unastahili heshima. Hakuna mtu mmoja aliyenasa sauti nyingi za Afrika kuliko Tracey, na bila yeye baadhi ya nyimbo zingekuwa zimekwenda kaburini pamoja na waimbaji wake.

Mtu wa tatu, Graham Hyslop, anafahamika zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili kama mwandishi wa tamthilia za Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa pia afisa wa muziki katika serikali ya Kenya, na kwamba mwaka 1975 alichapisha kitabu kuhusu ala za muziki za Kenya. Ni dalili ya zama zile kwamba mtu mmoja aliweza kuandika vichekesho vya jukwaani kwa Kiswahili na kupima nyuzi za vinubi vya magharibi, bila kazi hizo mbili kukutana katika sentensi moja ya mhakiki yeyote.

Hapa inafaa kusimama na kuitazama mashine yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoamua mengi. Silinda ya nta ilichukua dakika mbili hadi nne. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilichukua kama dakika tatu kwa kila upande. Utepe wa sumaku, ambao Tracey aliutumia katika safari zake za Kenya, ungeweza kuendelea kwa muda mrefu zaidi, lakini mazoea ya santuri yalikuwa yamekwisha kuingia katika sikio na katika biashara. Nyimbo nyingi za mfululizo wake zina urefu uleule wa dakika mbili, tatu au nne. Mwimbaji alipangwa, akaonyeshwa ishara ya kuanza, akaimba, kisha akaonyeshwa ishara ya kumaliza.

Sasa ufikiriwe wimbo wa matanga katika nchi ya Wakhayo au Wamarachi. Wimbo huo hauna mwanzo wala mwisho kwa maana ya santuri. Mwimbaji huupokea kutoka kwa mwingine, huutaja ukoo wa marehemu, humkaribisha mjomba aliyechelewa kufika, humsuta shemeji asiyetoa kitu, husimama watu wapate kulia, kisha huurudia mshororo uleule saa mbili baadaye ukiwa na maana nyingine kwa sababu jeneza limekwisha kuletwa. Au ufikiriwe mkutano wa Wateso kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mzee na mrija wake mrefu, jambo ambalo mwanaanthropolojia Ivan Karp alilichambua kwa makini katika uchunguzi wake wa Wateso wa Kenya. Kinubi kinachopigwa hapo, kiitwacho adeudeu, husindikiza mazungumzo, hukatizwa na mzaha, na mpigaji humjibu mtu aliyesema neno. Ukiuondoa mzaha ule, unabaki na mapigo ya nyuzi na maneno machache ambayo hayamlengi mtu yeyote.

Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotokea katika Mulika, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, mahali na wakati ni sehemu za fasihi yenyewe wala si mapambo yake. Hoja hiyo inakubaliwa na karibu kila mwalimu wa somo hili. Hata hivyo mifano inayotolewa darasani, hasa ya nyimbo, aghalabu ni mifano ya beti nne au tano, kana kwamba utungo simulizi kwa asili yake ni kitu kifupi kinachojitosheleza. Si haba kujiuliza kama ufupi huo ni wa wimbo au ni wa santuri. Mashindano ya muziki ya shule na vyuo nchini Kenya yameuzidisha: wimbo wa kienyeji hutengewa dakika zake, waamuzi wakaketi na saa, na mwalimu akaukata wimbo wa mazishi upate kumalizika kabla kengele haijalia. Mtoto aliyejifunza wimbo wa bibi yake kwa njia hiyo anaujua kwa urefu uliowekwa na jukwaa.

Kwamba mashine huweza kuzaa nadharia si dhana ya kubuni. Milman Parry alipokwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935 kunasa tendi, aliona kwamba sahani ya dakika chache haimfai. Alipata mtambo wenye meza mbili za kuzungusha sahani za aluminiamu, moja ikijaa nyingine inaanza, hivyo utendi wa maelfu ya mistari ukanaswa bila kukatwa. Kutokana na sahani hizo mwanafunzi wake Albert Lord aliandika The Singer of Tales, kitabu cha 1960 kilichobadili uelewa wa utunzi simulizi, tangu Homer hadi washairi wa Afrika. Lau Parry angekwenda na chombo cha dakika tatu tu, huenda dunia ingeamini kwamba waimbaji wa Bosnia walikuwa na vijimbo vifupi tu. Katika Afrika Mashariki shaka ya aina hiyo ilikuwapo kweli. Ruth Finnegan, katika kitabu chake maarufu cha 1970, alitilia mashaka kuwapo kwa utendi kama utanzu ulioenea Afrika. Tasnifu ya Mulokozi ya 1986 kuhusu tendi za enanga za Wahaya ilikuwa mojawapo ya kazi zilizoonyesha kwamba tendi zilikuwapo, zikihitaji msikilizaji mwenye subira na chombo chenye subira. Kwa Busia na Malaba kazi ya namna hiyo haina budi kutangulia hukumu yoyote juu ya tanzu zake.

Baada ya mashine inakuja orodha. Msikilizaji anayefika katika hifadhi ya sauti hakutani kwanza na sauti. Hukutana na kadi. Kadi za Tracey zilikuwa za kitaalamu sana kwa wakati wake. Zilitaja mahali, ala, kiongozi wa waimbaji, aina ya wimbo, na hata kimo cha kila uzi wa ala, alichokipima kwa vyombo vidogo vya chuma. Ni ajabu kidogo, na kwa mhakiki wa fasihi ni jambo la kusikitisha, kwamba mtu aliyehesabu mitetemo ya uzi mmoja mmoja aliridhika na muhtasari wa mstari mmoja au miwili kuhusu maneno. Kwa hiyo nyimbo zipo, midundo yake imepimwa, na matini zake hazijaandikwa.

Kisha kuna kisanduku cha kabila. Jina Luhya, au Abaluhya, lilikuja kukubalika kama jina la pamoja katika miaka ya 1930 na 1940 kutokana na juhudi za vyama vya siasa na kamati za lugha. Julie MacArthur ameisimulia habari hiyo kirefu katika kitabu chake cha 2016. Mwaka 1950 jina hilo lilikuwa bado jipya mdomoni. Kadi inayosema “Luhya” inaweza kuwa na Mbukusu, Mwanga, Mkhayo, Mmarachi au Msamia ndani yake, na mtu wa Busibwabo anayetafuta wimbo wa kwao hana njia ila kusikiliza mmoja baada ya mwingine hadi sikio lake litambue lahaja. Kwa Wateso tatizo ni kinyume. Jina lao moja limegawanywa na nchi, na maandishi ya zamani upande wa Kenya yaliwaita Elgumi au Wamia, majina ambayo kijana wa Malaba leo huenda asijue kwamba yanamhusu.

Kisanduku cha lugha nacho kina nafasi ya neno moja. Watu wa mpakani hawaishi hivyo. Mteso wa Kenya mara nyingi anaijua lugha ya majirani zake Waluhya kama yake. Msamia amekaa karibu na Mjaluo kwa vizazi. Na Kiswahili cha soko, cha reli iliyopita Malaba kuelekea Kampala, na cha madereva wa malori kimechanganyika na zote. Wimbo unaweza kuanza kwa Kiteso, ukamtania mgeni kwa Lukhayo na kumalizia kwa neno la Kiswahili lililochukuliwa kwa sababu lina kejeli isiyopatikana kwingine. Mchanganyiko huo ni mbinu ya kisanaa, na kwa ushairi wa mpakani ni mojawapo ya mbinu kuu. Kadi huufuta kwa herufi chache, na mhakiki anayeanza na kadi atauita wimbo huo wa Kiteso, kisha atashangaa kwa nini una “makosa”.

Namna maelezo ya kadi yanavyoweza kuushinda wimbo inaonekana vizuri katika kisa cha Chemirocha, kisa cha Wakipsigis ambacho kinafaa kutajwa hapa kwa kuwa ndicho kilichotangaa kuliko vyote vya magharibi mwa Kenya. Mwaka 1950 Tracey alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo, linalotokana na jina la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwa Wakipsigis. Mbili ziliimbwa na wanaume. Iliyosikika duniani ni ile ya wasichana, na sababu moja ya umaarufu wake ni maelezo ya Tracey mwenyewe, yaliyomfanya Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mithili ya mungu Pan wa Wagiriki. Picha hiyo inapendeza. Lakini Pan ni wa elimu ya Kiingereza ya Tracey, wala si wa wasichana wale. Mwaka 2014 ILAM, kwa ushirikiano na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilianza kurudisha nakala za rekodi za Tracey kwa jamii zilizoimba, na hapo ndipo watu wa Kapkatet walipopata nafasi ya kuusikiliza na kuufasiri wimbo wao wenyewe. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na katika muda wote huo kadi ndiyo iliyosema.

Baada ya uhuru shughuli ya kukusanya ilihamia mikononi mwa wenyeji. Waraka wa 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu cha Nairobi uliiweka fasihi simulizi katikati ya masomo, na wanafunzi wakatumwa vijijini. Bomas of Kenya ilianzishwa 1971 na Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki 1988. Redio ya taifa ilinasa ngoma na kwaya nyingi. Ila taasisi nyingi za utangazaji duniani zilikuwa na desturi ya kufuta kanda ili zitumike tena, na kanda za zamani za asetati zina adui wake wa ndani: huanza kutoa harufu ya siki, hukauka, kisha hukatika. Kanda za kaseti zilizonaswa na wanafunzi na kuachwa katika kabati za idara hazina maisha marefu kuliko hizo.

Lugha nazo zina umri wake. Nakala ya kidijitali huhifadhi mitetemo, haihifadhi maana ya neno ambalo halitumiki tena. Kuinukuu rekodi ya 1950 kunahitaji wazee wawili watatu waketi pamoja, mmoja akisema neno ni hili na mwingine akikataa, hadi watakapokubaliana kwamba mwimbaji anamtaja ng'ombe wa mahari na si mto. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka ule alizaliwa 1930. Kazi hii haina kipindi cha pili, na ndiyo maana ucheleweshaji wa uhakiki katika jambo hili una gharama kubwa kuliko ucheleweshaji wa kawaida wa kitaaluma.

Mwaka 2009 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere hifadhi ya sauti inayobeba jina la Wachsmann, kwa juhudi za Sylvia Nannyonga-Tamusuza na wenzake, na nakala za rekodi zake zikarudi Kampala. Kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200. Hadi Nairobi ni zaidi ya 400. Yaani hifadhi iliyo karibu zaidi na mtu wa Busibwabo iko nchi nyingine. Umuhimu wa ukaribu huo ulionekana Oktoba 2023, pale shambulio la kimtandao dhidi ya Maktaba ya Uingereza lilipofunga huduma zake nyingi, ikiwamo ile iliyowawezesha watu wa mbali kusikiliza mikusanyo ya sauti. Mlango uliofunguliwa London ulifungwa London, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii inazipa serikali za kaunti kazi ya kusajili sanaa za jamii zao, na Itifaki ya Swakopmund ya 2010 inazungumzia mali ya jamii zilizogawanywa na mipaka. Bado ni vigumu kuona jinsi daftari la Kaunti ya Busia litakavyousajili wimbo wa adeudeu ulionaswa Uganda kutoka kwa mpigaji ambaye binamu zake wako Malaba. Swali la nani mwenye wimbo haliwezi kujibiwa kabla haijajulikana wimbo unasema nini, na hilo ni la mhakiki kabla halijawa la mwanasheria.

Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na tangu 2018 kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kinahudumia wasafiri wa pande zote mbili mahali pamoja. Kinachohitajika ili rekodi za Makerere, za ILAM na zile zilizosalia Nairobi ziwekwe meza moja ni nakala, nauli, wazee wa Kiteso, wa Lukhayo na wa Lusamia, na fomu mpya ya kuorodheshea ambayo mbele ya neno “lugha” imeachwa nafasi ya kutosha kuandika tatu au nne.